Kinyoya cha Katikati

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Masomo yangu yaliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono huu umeshika raketi kuliko kalamu. Herufi zangu zinalala upande mmoja, na huenda maneno mengine nimeyakosea. Naandika polepole, nanyi someni polepole.

Kazi yangu ni kucheza mpira wa vinyoya, wanawake wawili kwa wawili. Imenifikisha hata nje ya Kenya. Lakini nikiulizwa niliwezaje, huinama tu, maana jibu ni refu nami si msemaji. Leo nitajaribu.

Tulifanyia mazoezi katika ukumbi wa kanisa hapa Kakamega mjini. Mwalimu alinipanga na dada mmoja wa Iguhu, aliyenizidi miaka saba. Mkono wake ulikuwa mzito. Akipiga kinyoya kutoka juu, walio upande wa pili walifumba macho. Mimi nilikuwa mwepesi mbele, karibu na wavu. Tulifaana, ila kwa jambo moja. Kinyoya kikija katikati yetu, mimi nilimwachia kwa kuwa ni mkubwa, naye aliniachia kwa kuwa ni mdogo. Kinaanguka chini, sisi tunatazamana.

"Nyinyi mnacheza kama wageni wanaosukumiana kipande cha mwisho cha nyama," mwalimu alisema. "Kula wewe, hapana, kula wewe. Mwishowe anakula paka."

Wenzetu walicheka. Ilitakiwa mmoja wetu apaze sauti, "Changu!" Dada aliweza, ila aliningoja mimi nianze, maana vinyoya vingi vya katikati vilikuwa karibu yangu. Mimi kwetu nilifunzwa kwamba mtoto hasemi "changu" mbele ya mkubwa. Na hata nilipojaribu, mvua ya alasiri juu ya mabati iliimeza sauti yangu yote.

Siku moja mwalimu alichoka. "Jumamosi mna mechi. Kinyoya kikianguka tena katikati yenu bila mtu kusema, nawatenganisha. Wewe," akamwambia dada, "nitakupanga na yule msichana wa chuo. Yeye ana mdomo."

Sikulala vizuri. Dada alikuwa mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye bila kutazama sakafu.

Jumatatu alinichukua hadi Iguhu, kwa nyanya yake, ambaye kwetu huitwa Kukhu. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na kuku. Kilipobaki kipande kimoja, dada alikiweka kwenye sahani katikati yetu.

"Anayekitaka aseme changu. Kwa sauti, Kukhu asikie huko jikoni."

Nilinyamaza. Nilikitaka, tena sana. "Changu!" dada akasema, akala. Kuku alikuwa wa siku hiyo tu. Jumanne lilikuwa yai, Jumatano kiazi. Vyote alikula yeye, akicheka mdomo umejaa. "Utakonda, mdogo wangu!"

Kukhu hakupendezwa. "Sisi hatunyakuanga chakula mbele ya wakubwa. Unamharibu mtoto wa watu."

"Kukhu, si chakula. Ni kazi."

Kukhu alirudi jikoni. Lakini Alhamisi alileta mwenyewe ndizi moja ya kuchoma, akaiweka kwenye sahani, akaketi mbele yangu.

"Mtoto, hapa mkubwa ni nani?"

"Ni wewe, Kukhu."

"Basi mimi mkubwa nimekuruhusu. Hiki ni chakula cha nani?"

"Changu."

"Nani amesema? Panya?"

"Changu!"

Kuku waliokuwa mlangoni walitimka. Kukhu alitikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Nilianza kuila ile ndizi, kisha mkono ukanishinda, nikamkatia dada nusu. "Sasa umeharibu," alisema, lakini aliipokea.

Jumamosi mvua ilikuja mapema. Tulifika seti ya tatu tukiwa nyuma kidogo, kinyoya kikapanda na kuja katikati, pale pale petu. Akilini nilimwona Kukhu na sahani yake. "Changu!" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nikapiga. Kinyoya kikaingia kwenye wavu.

Niliinama. Dada alikuja akaweka mkono wake wenye jasho shingoni mwangu. "Umekosa," alisema, "lakini nimekusikia." Kilichofuata nikakiita tena, na kingine tena.

Mechi tulishindwa. Mwalimu alikunja wavu, akaenda zake. Jumatatu nilikwenda kwenye karatasi ya ukutani, mwalimu alipoandika nani anacheza na nani. Jina langu lilikuwa pale pale, kando ya lake.

Tulicheza pamoja miaka minane, mpaka goti lake likakataa. Sasa analima mboga Iguhu. Nikicheza hapa nyumbani huja kuketi nyuma, na kinyoya kikija katikati, yeye hutangulia kupiga kelele kabla yangu, watu wakageuka.

Mwenzangu wa sasa ni msichana mdogo, mwenye haya kunishinda. Ananiachia kila kitu. Juzi nilinunua ndizi moja ya kuchoma, nikaiweka katikati yetu, nikamwambia mimi mkubwa nimemruhusu. Hajasema bado. Ndizi nilikula mimi, na haikuwa tamu.

Ukiwahi kumfundisha mtu mwenye haya kusema "changu", tafadhali niandikie ulivyofanya. Mwandiko wowote nitausoma, na nitajibu, ingawa nitachelewa.