Mikono ya Kushoto Siku ya Wazazi

Nikiri mapema, maana nusu ya mtaa wetu wa Somanda wanakijua kisa hiki na kila mtu anakisimulia anavyotaka: ni kweli, mwalimu aliyeumbuliwa na darasa lake mbele ya wazazi ni mimi, Minza, na bora mkisikie kwangu kuliko kijiweni kwa bodaboda, ambako nimesikia eti nilizimia (sikuzimia, nilikaa tu).

Kiingereza nakijua. Sijisifu, au basi, najisifu kidogo. Na ndiyo maana nafasi ya mwalimu wa taaluma ilipobaki wazi pale shuleni kwetu, shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, niliona ni yangu. Aliyeitaka mwingine alikuwa Mwalimu Maduhu wa hesabu, mtu mpole, hata chaki anaishika kama anaiomba radhi. Mkurugenzi, mwenye shule, akasema kila mmoja wetu atafundisha kipindi kimoja siku ya wazazi, wazazi wakiwa wamekaa nyuma ya darasa, halafu ataamua. Mimi nilikuwa nimeshampigia mama simu kule Maswa na kumwambia cheo nimepata.

Nikachagua mada inayowatoa watu jasho: ni wakati gani unaacha "a" na "the" kwenye Kiingereza. Kiswahili hakina vidude hivyo, kwa hiyo darasa langu la sita walikuwa wakivimwaga kama chumvi, the Bariadi, the breakfast, the football, na nikiwasahihisha leo kesho wamerudi palepale. Zikabaki siku mbili na waliokuwa wameelewa sawasawa ni wanne tu kati ya arobaini.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo.

"Sikilizeni," nikawaambia. "Siku ya wazazi nikiuliza, wote mnanyoosha mkono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Nitachagua wa kulia tu." (Na wewe mwalimu mwenzangu usijifanye unashangaa, hata wewe umeshaifanya.)

Siku ikafika. Darasa limejaa, Mkurugenzi yuko mlangoni na daftari lake, na mbele ya wazazi wote amekaa bibi yake Mbuke, mmoja wa wanafunzi wangu, mama mtu mzima aliyetoka kijijini Shishiyu alfajiri na kitenge kipya. Nilimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", yaani mama, kwa heshima zote, akaitikia kwa furaha, nikajua huyu yuko upande wangu.

Nikauliza swali la kwanza, mikono arobaini juu! Wazazi wakaguna kwa raha. Nikamchagua wa kulia, akajibu: majina ya miji hatuweki "the". Makofi. La pili, milo ya siku, breakfast, lunch. Makofi. La tatu, michezo. Mkurugenzi anaandika, mimi natembea katikati ya madawati kama mwenye darasa lake na la jirani, na moyoni nimeshahamia ofisi ya taaluma, nimeshachagua na pazia.

Kufika swali la tisa, bibi akasimama.

"Mwalimu, samahani ng'wanone," akasema, akiniita mwanawe. "Mjukuu wangu kanyoosha mkono tangu umeanza. Mpaka unatetemeka. Mbona humwoni?"

"Namwona, mayu. Muda tu."

"Hao wanne umewarudia mara mbili mbili. Mchague na huyu."

Wazazi wengine wakadakia, "Kweli, mwalimu, mchague!" Nikajikaza kisabuni, nikasema haya, Mbuke, jibu.

Mbuke akasimama, mkono bado uko juu, akamgeukia bibi yake, si mimi. "Bibi, huu ni wa kushoto. Wa kushoto ni wa sisi tusiojua. Mwalimu alisema hatatuchagua."

Wazazi wakaanza kuhesabu mikono ya kushoto, kwa sauti, na watoto wangu watiifu hawakuishusha hata mmoja. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakaa kwenye dawati la mbele, na hapo ndipo ule uzushi wa kuzimia ulipotoka.

Bibi hakucheka. "Kwetu bwana mifugo akija tunamletea ng'ombe wanaoumwa," akasema. "Wewe unawaleta wazima ili iweje?"

Mimi si mtu wa kukimbia darasa langu, kwa hiyo nikainuka, nikafuta ubao, nikaanza upya na wale thelathini na sita. Nikamshika Mbuke kwanza, nikamwambia: Wewe unakuja shuleni kusoma, ndiyo kazi yako, unasema "I go to school", huweki kitu. Bibi yako leo kaja shuleni kutembelea tu, yeye anakwenda "to the school". Mbuke akafikiri, akatabasamu, akamtafsiria bibi.

"Basi hiyo 'the' mniondolee," bibi akasema, "maana na mimi leo nimesoma."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka, japo machozi yalikuwa karibu.

Cheo alipewa Maduhu. Iliniuma, sifichi, na kumpigia mama tena kuliniuma zaidi. Mkurugenzi aliniambia kufundisha najua, ila hawezi kunikabidhi shule nzima wakati darasa moja nimelificha. Nikaapa: mkono wa kushoto darasani kwangu ndio unaoanza, awepo mgeni asiwepo.

Na nimeshika kiapo. Juzi tu niliuliza swali, nikaenda moja kwa moja kwa wa kushoto, mmoja, wawili, watatu, mpaka nikasikia mtu ananung'unika nyuma. Alikuwa Mbuke, mkono wa kulia juu, unatetemeka.

"Mwalimu, mbona mimi hunichagui? Nitamwita bibi."

Nilimchagua hapohapo.