Flashi Inayogeuza Shingo

Kati ya siku zote nilizobeba kamera, mwanangu, kuna moja naikumbuka kuliko nyingine, na nitakusimulia kabla hujaenda Kariakoo kununua hiyo flashi.

Jana ulinionyesha flashi mbili kwenye simu yako, ukaniuliza ipi ina nguvu zaidi. Nilinyamaza, nawe ukadhani bibi huyu mambo ya siku hizi yamempita. Hayajanipita. Ila swali lako lilinirudisha Kisarawe, kwenye chumba cha mwanamke mmoja mgonjwa, nikahitaji muda wa kupanga maneno.

Wakati huo nilikuwa msichana, nimeajiriwa kwenye studio moja hapa Kibaha. Wasichana wapiga picha tulikuwa wachache, na kwa harusi za Waislamu wa Kisarawe hiyo ilikuwa bahati yangu, maana niliweza kuingia chumbani kwa bibi harusi, mahali ambapo mpiga picha mwanamume asingekanyaga. Nilikuwa nimepata flashi kubwa ya kuchomeka juu ya kamera, ambayo kichwa chake kiliweza kuinuka kikatazama juu. Niliringa nayo, usinicheke. Kwenye kumbi za Kibaha nilikiinua kile kichwa, mwanga ukagonga dari nyeupe na kuwashukia watu taratibu kama mwanga wa dirishani. Kila mtu alitoka vizuri, nami nikaamini nimeshahitimu.

Harusi ilikuwa ya binti aitwaye Zuhura. Mama yake alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, hatoki chumbani. Ndoa ilifungwa barazani, yeye akaisikiliza akiwa kitandani. Kabla ya kuondoka kwenda kwa mumewe, Zuhura alitaka kitu kimoja tu, picha yake na mama yake. Hawakuwahi kupiga hata moja wakiwa pamoja. Enzi zile za filamu picha iliweza kuungua isitoke kabisa, kwa hiyo alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Dada, hizo nyingine zikiungua, basi. Hii isiungue."

Nikaingia, nikamwamkia yule mama. Akaitikia "marahaba, mwanangu" na kunikaribisha kwa upole kabisa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa kanga, kwa sababu macho yake hayakuliweza jua. Nikainua kichwa cha flashi kama nilivyozoea, kisha nikatazama juu, nikaona hakuna dari. Kulikuwa na boriti, na bati jeusi kwa masizi. Mwanga wangu ungepotelea huko huko. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama nifikiri, lakini nilikuwa na haraka ya mtu anayejiona fundi. Nikakishusha kile kichwa, nikamwelekezea mgonjwa usoni kwa nguvu yake yote, nikafyatua.

Mama wa watu alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Shangazi na majirani waliojaa mle chumbani wakanigeukia. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bado amejifunika:

"Mwanangu, umekuja kupiga picha, au umekuja kunipiga mimi?"

Sisi tunasema kupiga picha tangu utotoni, wala hatulisikii neno lenyewe. Siku hiyo nililisikia vizuri sana. Yule mama akaongeza, "Inatosha. Mpigeni mtoto peke yake." Zuhura akaanza kulia, na wanja wake ukaanza kuteremka mashavuni.

Niliona aibu. Lakini kilichoniuma zaidi ya aibu ni yule binti, aliyeomba kitu kimoja kwangu na mimi nimekiharibu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba mama yake radhi. Nikasema, "Naomba mara moja tu, mama. Safari hii taa haitakutazama."

Akauliza, "Itatazama wapi sasa?"

Mwanangu, hilo ndilo swali ambalo wewe jana hukuniuliza. Ukuta wa karibu ulipakwa kijani, na mwanga ukigonga kijani hurudi na kijani chake usoni mwa mtu. Mwenye afya huonekana mgonjwa, sembuse mgonjwa mwenyewe. Nikaomba shuka jeupe. Shangazi yake Zuhura akafungua sanduku la harusi, akatoa lililokuwamo, jipya kabisa, akalitandaza kama pazia na mwenzake ubavuni mwa kitanda, kila mmoja kashika pembe zake. Flashi yangu ilijua kuinuka tu, kugeuka upande haikujua. Basi nikaisimamisha kamera wima, kile kichwa kilichoinuka kikalala upande, kikalitazama shuka. Nikaipunguza nguvu.

Yule shangazi akiwa ameshika shuka lake akasema, "Fanya haraka, binti. Hili lina kazi nyingine leo." Wanawake wakaangua kicheko. Zuhura akajificha uso begani kwa mama yake, na mama mtu, na ugonjwa wake wote, akacheka. Nikafyatua. Hakupepesa hata jicho.

Picha ziliposafishwa, Zuhura alikuja mwenyewe studio kuzichukua. Ile ya kicheko aliishika muda mrefu. Ile nyingine, mama akiwa amejifunika uso, akanirudishia. "Hii ichane, dada. Sitaki kumwona mama akinikimbia." Nikaichana mbele yake. Mama yake hakuifikia masika, na hawana picha nyingine yake ila ile moja.

Kwa hiyo nguvu si jambo la kwanza. Nunua flashi inayogeuza shingo, juu na pande zote mbili, na inayokubali kupunguzwa hadi mwanga mdogo kabisa. Hakikisha dukani kwamba inaelewana na kamera yako, uijaribu palepale, na betri zake ziwe za aina utakayoipata hata kwenye duka dogo la Visiga. Kwenye nyumba mpya za Pangani hapa Kibaha utakuta dari nyeupe za jipsamu, utastarehe. Lakini utaitwa pia kwenye nyumba za bati tupu na kuta za kila rangi, kwa hiyo begi lako lisikose kitambaa cheupe. Ukiingia chumbani kwa mtu, tazama juu, tazama kuta, kisha umtazame yeye na umuulize kama yuko tayari. Wewe una picha nyingi za kupiga. Yeye huenda ana hiyo moja tu.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira zaidi ya aliyonipa mimi, na popote utakapoingia na kamera yako watu wakuone kama ndugu yao.