Bingwa Asiyepiga Teke Zito

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika kwamba wachezaji wa Dodoma hawalijui teke zito. Niliandika aya sita, zenye vichwa vidogo.

Ilikuwa miaka ile biashara imeshafunguliwa, mitumba ya kila namna inaingia, mashine za gemu zikiwemo. Mimi nilikuwa mwanafunzi niliyefungwa na kila mtu mtaani kwetu Ipagala, Dodoma, katika gemu la ngumi na mateke, nikaamua kuwa mwanahistoria wake. Kwenye chumba cha intaneti mjini nilikuta "wiki" ya mashabiki wa gemu lile, yaani tovuti ambayo shabiki yeyote anaweza kuandika na kurekebisha. Ilieleza jinsi watu wa miji mbalimbali wanavyolicheza. Dodoma haikuwemo. Nikajifundisha mwenyewe namna ya kuandika humo, kwa Kiingereza cha kamusi, na ukurasa wetu nikausahihisha mara nyingi kuliko idadi ya watu waliousoma. Nakiri, koma moja iliyokaa vibaya iliweza kuninyima hamu ya chakula.

Utafiti niliufanya kwenye banda la mama mmoja, mstaafu wa masijala, mwenye mashine moja na pedi mbili za kuchezea. Niliketi benchi la nyuma na daftari. Nikagundua jambo: kadiri mtu anavyoshinda, ndivyo anavyoacha teke zito. Bingwa wa pale, fundi wa reli aliyekuwa akija kutoka kituo cha Zuzu kila Jumamosi, hakulipiga kabisa. Nikaiita hali hiyo falsafa ya subira ya nyanda za kati. Kuhusu bingwa nikaongeza kwamba ana upungufu wa kiufundi.

Jumamosi moja fundi alinijia pale benchini.

"Wewe ndiye mwandishi?"

Nikamwamkia shikamoo, ingawa alinizidi miaka mitatu tu.

"Shikamoo yako kaa nayo. Dar wanaalika wachezaji wa mikoani kwenye mashindano. Wamesoma maandishi yako, wanasema Dodoma hakuna mtu. Majina yanafungwa Ijumaa."

"Kaka, nimekuangalia Jumamosi nane."

"Umeangalia. Haya, shika."

Akanipa pedi yake. Nikabonyeza kitufe cha teke zito. Kimya. Nikabonyeza kwa vidole gumba vyote viwili. Mpiganaji wangu akasimama tu kama anasubiri treni.

"Mshindi anashika pedi mbovu," mama akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Ndiyo sheria ya hapa. Bila hivyo huyu wa Zuzu hang'oki kwenye kiti hadi Pasaka. Kwani hukuuliza, mwanangu?"

"Sikuuliza, mama."

"Sasa daftari la nini?"

Banda zima likacheka, hata wale niliowasifu.

Jumatatu nilikaa mbele ya kompyuta nikitafuta namna ya kurekebisha bila kuonekana nimekosea. Haikuwepo, kwa sababu tovuti ile hutunza kila toleo la zamani, na mtu yeyote anaweza kulifungua akacheka. Nikafikiria kumwacha fundi akose safari. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Mwishowe nikafuta aya zote sita, nikaandika sentensi tatu: pedi moja ya Dodoma ni mbovu, anayeshinda ndiye anayeishika, mwandishi wa ukurasa huu hakuuliza.

Alhamisi jina la fundi likaingizwa. Akaenda Dar, akapewa pedi nzima, akatolewa mzunguko wa pili.

"Kidole kimesahau njia," aliniambia aliporudi. "Hilo nalo andika, lakini nisomee kwanza."

Nilimsomea. Akanikata sentensi mbili.

Tangu hapo siandiki neno juu ya mchezaji kabla ya kumsomea mwenyewe. Kurasa zangu zimekuwa fupi, makosa bado yamo, na chakula nakula.