Fundi makochi anayemshinda kaka yake kila asubuhi

Fundi anatoa msumari wa mwisho katikati ya midomo, anaupigilia kwenye mgongo wa kochi, kisha analisukuma kochi lenyewe kwa nyonga mpaka ukutani. Ni saa kumi na moja jioni. Anafagia nyuzi, vumbi la mbao na vipande vya sponji, halafu anakunjua mkeka mnene alioushona mwenyewe kwa masalio ya kazi na turubai la kijani. Karakana imegeuka ukumbi wa mazoezi.

"Viatu nje, ugomvi nje, na kucha mmekata?" anauliza. Watu wazima wanne, mmoja wao mwenye wajukuu, wananyoosha vidole akague.

Mtaa mzima unamwita Sponji. Wapo wanaomtania kwamba asubuhi ni mtu wa makochi na jioni ni kocha, utani alioucheka siku ya kwanza na tangu hapo anauvumilia tu. Ana miaka hamsini na mbili, masikio yaliyovimba kwa kusuguliwa, na magoti yanayolalamika kila anapoinuka. Kochi moja la watu watatu likiisha na mwenyewe akalipa bila kuzungushana, nyumba yake inakula wiki mbili. Jioni hazimwingizii kitu cha maana. Wanafunzi huchangia turubai na sabuni ya kuoshea mkeka, basi.

Anachofundisha ni mieleka ya chini. Hakuna ngumi wala teke. Ni kushikana, kubanana na kupinduana mpaka mmoja apigepige mkeka kwa kiganja, kuonyesha kuwa amekubali yaishe.

Leo somo ni lile analolipenda kuliko yote: kutoka kwenye kufuli.

Kufuli ni hivi. Mmoja amelala chali, mwenzake amepiga magoti mbele yake. Aliyelala anamzungushia mwenzake miguu kiunoni na kuifunga kwa nyuma, kifundo juu ya kifundo. Asiyejua mchezo atadhani aliye chini ameshakwisha. Kumbe aliyepiga magoti ndiye mwenye mashaka: mbele haendi, nyuma harudi, na akikosea kidogo tu anavutwa kichwa akanyongwa, au anapinduliwa kama godoro linaloanikwa.

Jioni hii aliyefungwa ni dereva wa lori, pande la mtu. Aliyemfunga ni muuzaji wa duka la dawa, mwanamke mwembamba anayevaa miwani akiwa kazini. Dereva anasukuma, anavuta, anatokwa jasho. Pumzi zinapomwishia anaweka kiganja chini ajiegemeze kidogo.

"Mkono!" Sponji anafoka. "Mkono huo!"

Amechelewa. Muuza dawa ameshaudaka, ameupeleka nyuma ya mgongo, na dereva anapigapiga mkeka huku akicheka kwa uchungu.

"Nimesema mara ngapi? Humo ndani mkono hauwekwi chini. Hata paa likianguka, liache likuangukie, mkono usiguse mkeka," Sponji anasema. "Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa wanisamehe. Ukiinama umekwisha. Mgongo wima, kichwa juu, viwiko mbavuni, na viganja kiunoni mwake, siyo kwenye mkeka."

Anaingia mwenyewe. Anapiga magoti, ananyooka, anatulia kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Goti moja analisogeza nyuma ya makalio ya muuza dawa, mguu mwingine anaurudisha nyuma, kisha anakaa kinyumenyume taratibu, bila kuvuta wala kusukuma. Vifundo vinaachana vyenyewe.

"Hiyo ni ya kufuli la kawaida," anasema. "Kufuli gumu hulifungui ukiwa umepiga magoti. Hilo linataka usimame kabisa, umwinue na yeye, ndipo miguu ichoke. Mimi katika maisha yangu nimekutana nalo moja tu."

Wanafunzi wanatazamana. Wanajua hadithi inayokuja, na wanajua vilevile kwamba mazoezi yatachelewa kidogo.

Kufuli hilo lilikuwa la kaka yake, aliyemtangulia kwa miaka minne. Walijifunzia pamoja kwenye stoo ya unga ya mwoka mikate mmoja, mzee aliyekuwa amecheza mieleka ujanani na ambaye hakuwa na mkeka, ila alikuwa na magunia matupu. Wakishamaliza kupakua unga walitandika magunia, na mzee akawa anawafundisha huku akichungulia tanuri.

"Tulikuwa tunarudi nyumbani weupe kama mizuka," Sponji anakumbuka, na uso wake unakuwa mwingine. "Mama alikuwa hatuingizi ndani. Anatukung'uta kwanza mlangoni kwa kitambaa, pa, pa, pa, huku anagomba. Halafu ananusa shingo zetu anasema, angalau mnanukia mkate. Mpaka leo nikipita penye mkate wa moto nasimama. Watu wanafikiri nina njaa."

Mwoka mikate ndiye aliyempa kaka yake jina. Alijaribu kumfungua siku moja, akajaribu tena, akashindwa, akakaa chini akihema na unga mpaka kwenye nyusi. "Hili siyo kufuli," alisema. "Kufuli lina ufunguo wake. Hili ni komeo, anafungua aliye ndani tu." Tangu siku hiyo ni Komeo, na hata mkewe humwita hivyo akiwa amefurahi.

Ujana wote wa Sponji ulikwenda katika kulitafutia dawa komeo hilo. Alipiga magoti mbele ya kaka yake jioni baada ya jioni, akapinduliwa, akanyongwa, akarudi. Alikuwa ameshaoa siku alipothubutu kusimama, mguu mmoja kisha mwingine, kaka yake akining'inia kiunoni mwake kama mtoto anayekataa kushuka. Miguu ikaachia.

"Nilifikiri atakasirika. Akalala pale chini, anacheka, anapiga magunia kwa mikono. Akaniambia, 'Hatimaye! Nilikuwa nimechoka kukusubiri.'"

Komeo alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba. Kiharusi kilimkuta mwaka jana akipiga mswaki. Mkewe alisikia kikombe kikianguka bafuni, akadhani ni uzembe, akaanza kugomba kabla hajafika mlangoni. Maneno hayo bado anayajutia, ingawa mumewe humwambia kwamba ndiyo yaliyomweka macho.

Alirudi kutoka hospitali akiwa na uhai wake na ulimi wake, lakini mguu wa kushoto haukumtii, na mkono wa upande huo ulibaki mzito. Mtaalamu wa viungo alimpa mazoezi mengi, na moja lilikuwa la kubana mto katikati ya magoti. Komeo aliubana kwa muda, kisha akautupa.

"Mto haunipingi," alimwambia mkewe. "Nitajuaje kama nina nguvu?"

Sponji aliposikia, alimfuata nyumbani. Kisha akavua viatu, akatandika kipande cha mkeka sebuleni kwa kaka yake, akapiga magoti mahali ambapo mto ungekuwa. Mtaalamu alipoletewa habari alikuja kujionea mwenyewe, akakunja uso, akauliza maswali mengi, mwishowe akasema sawa, mradi asizuie pumzi na mtu asimvute shingo.

Ndipo Sponji alipofanya kosa.

Asubuhi za mwanzo mguu wa kushoto ulikuwa ukiteleza hata kabla hajagusa chochote. Kumwona kaka yake akiuokota mguu wake mwenyewe kwa mikono na kuupandisha tena kulimshinda. Basi siku moja, miguu ilipokutana nyuma yake kwa shida, alijifanya amefungwa. Akahema kwa nguvu. Akasukuma kwa uongo. Na ili ionekane amechoka kabisa, akaweka kiganja chini.

Komeo aliutazama mkono ule. Alikuwa na mkono wa kulia mzima wa kuudaka, ila hakuudaka. Aliachia miguu, akageuza uso upande wa ukuta.

"Mkono chini," alisema. "Wewe. Wewe unayewafokea watu mpaka majirani wanasikia. Nenda kashone makochi yako."

Kwa wiki tatu hakumruhusu apige tena magoti pale. Mto ulikaa kwenye kiti, na Komeo alikaa dirishani. Kwa mara ya kwanza alianza kusema maneno kama "nikiwa sipo". Sponji, anayejisifu kwamba hajawahi kuharibu kitambaa cha mteja, wiki hizo alikata kitambaa kimoja kinyume na kulipia kipya kwa pesa yake.

"Niliogopa," anasema, bila kuzungusha. "Sikuogopa mguu. Niliogopa kwamba amekata tamaa, na aliyemkatisha ni mimi, ndugu yake wa tumbo moja."

Aliyewapatanisha ni mke wa Komeo, mshona sare za shule, mwanamke asiyependa mambo ya kukaliana kimya. Alimfuata Sponji karakanani na kumkuta amezama ndani ya fremu ya kochi.

"Shemeji, toka humo nikwambie," alisema. "Huyu mtu halali chali pale ili umwonee huruma. Huruma ninayo mimi nyumbani, inatosha, nyingine inabaki. Kwako anataka kitu kingine."

"Nimfungue kweli? Itamuumiza roho, shemeji."

"Ulivyomdanganya, hukumuumiza?"

Kesho yake Sponji alirudi. Alipiga magoti, akanyoosha mgongo, akaweka viganja kiunoni mwa kaka yake, na akalifungua lile komeo kama anavyofungua la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Halikuchukua hata pumzi mbili. Kisha akaenda uani kunawa uso, na akanawa kwa muda mrefu.

Aliporudi, Komeo alikuwa anaitabasamia dari. "Hapo sawa," alisema. "Kesho tena."

Ndivyo ilivyo mpaka leo. Kila asubuhi, kabla ya kufungua karakana, Sponji anapita kwa kaka yake na kumshinda. "Zamani nilikuwa nikimwomba Mungu lifunguke," anasema. "Sasa namwomba lisifunguke, na halafu nalifungua kwa mikono yangu hii. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kochi likikushinda unamrudishia mwenyewe."

Swali analojiuliza kila siku ni moja: je, atawahi kulazimika kusimama tena? Kwa wanafunzi wake hufungua akiwa amepiga magoti, na kwa Komeo tangu augue ni hivyohivyo. Siku atakaposimama ndiyo siku atakayojua kwamba kaka yake yumo mle ndani, mzima.

Asubuhi ya siku ya pili ya mazungumzo haya, sebule ya Komeo ina harufu ya sabuni na rangi ya zamani. Meza imesogezwa. Komeo, nywele zimejaa mvi, analala chali mwenyewe, kwa kujishikilia kwenye mguu wa kiti. Mkewe yuko kwenye cherehani yake pembeni, anajifanya hatazami.

"Umekunywa chai?" Komeo anamuuliza mdogo wake.

"Nimekunywa."

"Vizuri. Usije ukasema ulikuwa na njaa."

Miguu inapanda. Wa kulia unakuja kwa kiburi. Wa kushoto unakuja nyuma yake kama mgeni asiyejua njia, unateleza, unapanda tena. Vifundo vinakutana. Sponji ananyooka, anaweka goti nyuma ya makalio, anarudisha mguu, anakaa kinyumenyume taratibu.

Hakuna kilichoachia.

Anapumua. Anabadilisha goti, anajaribu upande wa kushoto, upande dhaifu, ambao hajawahi kuuonea huruma tangu siku ile ya kunawa uso. Kifundo kinatetemeka. Kinatetemeka vibaya, mpaka kidole gumba kinacheza. Hakiachii. Cherehani imenyamaza.

"Pumua, Komeo," mkewe anasema.

"Napumua! Yeye ndiye hapumui."

Na kweli, Sponji amesahau kupumua. Anamtazama kaka yake usoni, kisha polepole anainua goti moja na kuweka unyayo kwenye mkeka. Anaweka na wa pili. Magoti yake yanalalamika, mgongo unalalamika, na fundi makochi wa miaka hamsini na mbili anasimama katikati ya sebule huku kaka yake akining'inia kiunoni mwake, miguu miwili imefungwa.

Inadumu kidogo tu. Mguu wa kushoto unachoka, vifundo vinaachana, na Sponji anamshusha kaka yake chini kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka kioo. Kisha anakaa palepale alipo, anafunika uso, na mabega yanamtikisika.

"Umesimama," Komeo anasema, akihema, akiupigapiga mkeka kwa mkono wake mzima, siyo kwa kushindwa bali kwa kicheko. "Mke wangu, umemwona? Huyu mtoto amesimama!"

Baadaye karakanani, misumari ikiwa imerudi midomoni, Sponji anaulizwa anatarajia nini sasa. Anaitoa mmoja mmoja, anaipanga juu ya kitambaa, ndipo ajibu. Anasema atashona mkeka mwingine, mpana zaidi, na atatengeneza ngazi ya chini mlangoni ili Komeo aweze kupanda mwenyewe jioni, aje kuwafunga wanafunzi. Dereva wa lori ameshaonywa.

"Halafu nataka nishindwe," anasema. "Nijaribu kwa magoti, nijaribu kwa kusimama, nishindwe kabisa. Nishindwe kwa haki, mkono wangu ukiwa juu. Siku hiyo nitafunga kazi mapema, ninunue mkate wa moto, nimpelekee."