Refa Nosim na Mikono Yake Miwili

Kwa miaka tisa Nosim alichezesha mechi za ligi ya wilaya, na wachezaji wa Olasiti walijua kwamba akishapuliza kipyenga, maneno yamekwisha. Alikuwa mwembamba, mwenye mbio, na mkali. Makocha walimlalamikia Jumapili jioni, kisha Jumatatu wakampigia simu kuuliza kama wiki ijayo atapata nafasi.

Masika ya mwaka juzi alikuwa akirudi nyumbani kutoka kwenye mechi, amepanda bodaboda, barabara yote matope. Pikipiki iliteleza ikaingia mtaroni. Dereva aliinuka na mikwaruzo tu. Nosim alibaki chali, akitazama mawingu.

"Kaka, nitolee mguu wangu hapo chini ya pikipiki," alisema.

Mguu haukuwa chini ya pikipiki. Ila hakuuhisi tena.

Uti wa mgongo ulikuwa umeumia shingoni. Baada ya wiki tisa wodini alirudi nyumbani kwa mumewe na binti yao Ruth, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mabega yalifanya kazi, viwiko vilikunjika, na viganja viliweza kuinuka kidogo. Lakini kunyoosha kiwiko hakuweza, na vidole vyote vilikuwa vimelala. Akiwa kitandani, akiinua mkono ajikune kichwa, ulimwangukia usoni paa! Mama yake, Namnyaki, aliyekuwa amehama kutoka Oldonyosambu kuja kumuuguza, alilia mara ya kwanza alipoona hivyo. Mara ya tatu walicheka wote.

"Yeyo," Nosim alimwita mama yake kwa Kimaasai, "nimejipiga kofi tena."

"Sasa hujipi kadi?"

Mwezi wa sita tangu ajali, mumewe Peter, mwalimu wa shule ya msingi, alimpeleka kwa Daktari Agnela, mpasuaji wa mikono katika hospitali moja ya misheni. Daktari alimgusa msuli mmoja baada ya mwingine, akimwambia kunja, geuza, sukuma. Halafu akavuta kiti akakaa mbele yao.

"Neva zinazokunja kiwiko chako na kugeuza kiganja ni nzima, kwa sababu zinatoka juu ya pale palipoumia," alisema. "Na baadhi ya kazi hizo zinafanywa na misuli zaidi ya mmoja. Kwa hiyo naweza kuchukua tawi moja la neva nzima, nikalikata, nikaliunganisha na neva iliyolala, ya vidole au ya kunyoosha kiwiko. Likishika, litakua taratibu, kama milimita moja kwa siku, mpaka lifike kwenye msuli."

"Atatembea?" Peter aliuliza.

"Hapana, Baba Ruth. Miguu siigusi. Naongelea kunyoosha kiwiko, kufungua vidole, kubana kitu. Na inawezekana isishike kabisa."

"Hatuwezi kusubiri kwanza tuone?"

"Tukisubiri sana, misuli inakufa. Sitaki mwaka upite."

Nosim aliuliza swali moja tu. "Nitapoteza nini?"

"Nguvu kidogo mwanzoni. Misuli mingine itashika ile kazi."

"Basi fanya, daktari."

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima, mikono yote miwili. Kisha, kwa miezi mingi, hapakutokea kitu. Akina mama wa usharika walikuja kusali, na mmoja wao alipokuwa anatoka alinong'ona mlangoni, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba huyu dada wamemchezea tu. Nosim alisikia. Siku mbili hakutaka kula. Siku ya tatu alimpigia simu Hans, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamwambia aje kama kawaida.

Zoezi la Hans lilikuwa la ajabu. "Geuza kiganja kitazame juu, na wakati huohuo fikiria vidole vinafunguka." Neva ambayo kazi yake ilikuwa kugeuza kiganja ndiyo sasa iliyotumwa vidoleni, alieleza, na ubongo haukuwa na habari. Ilibidi ufundishwe. Nosim aligeuza, akafikiria, mara mia kwa siku, huku Peter akisahihisha madaftari pembeni na kuhesabu kwa sauti.

Aliyeona wa kwanza alikuwa Namnyaki, akiwa anachambua maharage.

"Nosim! Kidole!"

"Kipi?"

"Hicho kikubwa. Rudia."

Alirudia. Hakuna kitu. Alirudia tena, na dole gumba la kushoto likainuka kidogo, likashuka. Peter aliporudi kutoka shuleni aliwakuta wanawake wawili wamekaa, wanalitazama dole gumba kama watu wanaoangalia televisheni.

Baada ya hapo kiwiko kilianza kunyooka, kisha vidole vikaanza kubana. Kwa wiki kadhaa ilikuwa vichekesho: ili abane kijiko, ilimbidi ajaribu kukunja kiwiko, kama anayeinua ndoo. Kijiko alikishika, uji ulienda kwingine. Pole pole ubongo ulielewa, naye akaacha kufikiria.

Mkono wa kulia haujawa kama wa kushoto, na Nosim hafichi hilo. Unafungua vizuri, kubana unabana kwa uvivu. Lakini hujisukuma mwenyewe hadi barabarani, huhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa kuteleza juu ya ubao, na Jumamosi huwafundisha marefa wapya sheria za mchezo kwenye darasa la Peter. Wanamwogopa kidogo. Hilo halimsumbui.

Mwezi uliopita Namnyaki alifunga mzigo wake.

"Nakwenda," alisema. "Mbuzi wangu wameshasahau adabu."

Nosim alimvuta karibu na kiti, akamkumbatia kwa mikono yote miwili. Namnyaki alikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya shuka na kuondoka.

Mchana huo, Ruth akiwa shuleni na Peter kazini, Nosim aliosha vikombe vinne. Kimoja kilivunjika. Jioni Peter alipouliza, alijibu kwamba kilikuwa na ufa tangu zamani, akaomba aongezewe chai.