Na Kama Angelala Vizuri?

Nilikuwa sokoni Gakoromone natafuta viazi nilipoambiwa kwamba mama aliyekuwa akiniuzia maharagwe amefariki. Meza yake ilikuwa imefunikwa gunia, na jirani yake wa soko alinieleza huku akiendelea kupanga ndizi: "Mwalimu alienda. Ile sukari ilimmaliza. Pesa ya dawa tulichanga ikakataa kutosha, lakini ya mazishi imekuja haraka sana." Nilikasirika papo hapo, na ninapoandika haya bado nimekasirika, kwa hiyo msomaji wangu aliyeuzoea utani wa safu hii atanivumilia leo.

Marehemu hakuanzia kwenye maharagwe. Kwa miaka mingi alifundisha Kiingereza katika shule moja ya upili huko juu kwenye mashamba ya kahawa. Aliajiriwa na bodi, si serikali, na mwalimu wa namna hiyo kazi yake iko mikononi mwa mwenyekiti wa bodi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa na shamba kubwa kuliko yote pale, na wazazi wengi wa shule walikuwa wachumaji wake. Hao walilipwa kwa kila debe la kahawa walilojaza, na debe lake lilijulikana: kitako kilikuwa kimepigwa nyundo kutoka ndani hadi kikatuna nje kama shavu lenye peremende, hivyo likameza kahawa kuliko debe la halali. Kila mchumaji alilijua na hakuna aliyelitaja. Krismasi ikifika mzee huyo alichinja fahali, akawagawia wachumaji kichwa, kwato na matumbo. Pasta akaomba, akina mama wakaimba, na mwaka ukaisha mzee akiitwa mkarimu.

Shuleni hapo walisoma kitabu kimoja chembamba kilichoandikwa Uingereza zamani, enzi za yule malkia wao aliyekuwa bado hai wakati wageni walipoanza kutuchorea mipaka. Wengi wenu mnakijua. Tajiri bahili anamnyanyasa karani wake, karani ana mtoto mgonjwa, mkesha wa Krismasi mizimu inamtokea tajiri, anaamka mtu mpya, ananunua kitoweo kinono, mtoto anapona. Kila mwisho wa muhula wa tatu wanafunzi walikiigiza mbele ya wazazi, na mwenyekiti, mgeni wa heshima, aliketi mbele kwenye kochi lililotolewa ofisini. Tajiri wa jukwaani akitubu, yeye alitoa leso akapangusa machozi, kila mwaka bila kukosa. Kisha akaenda zake nyumbani, na debe likabaki vilevile.

Kuna mwaka marehemu alichoka. Mwanafunzi wake mmoja, binti wa mchumaji, alishikwa na kichomi. Mama yake akakimbilia kwa mzee kuomba gari la shamba limpeleke mtoto hospitali. Gari lilikuwa limeshapakia kahawa ya kwenda kiwandani, na mzee akakataa magunia yashushwe. Binti akafa kabla ya gari kurudi. Muhula ulipofungwa, nilikuwa nimealikwa kugawa zawadi, na nikaushuhudia kwa macho yangu mchezo ule, marehemu akiwa ameugeuza. Tajiri alitokea jukwaani amevaa gambuti za shambani kama za mzee, ameshika debe lililotuna kitako. Kule nyuma mchumaji mmoja aliangua kicheko, akafuatwa na mwingine, mara ukumbi mzima unacheka mpaka watu wanashikana mabega. Mizimu ikaja, ikagonga, ikaita, tajiri anakoroma tu. Asubuhi akaamka, akajinyoosha, akasema amelala vizuri sana, akaitisha chai. Nyuma yake wanafunzi wakapita polepole wamebeba jeneza dogo la maboksi. Hapo hakuna aliyecheka.

Mzee hakujali jeneza. Kilichomchoma ni kile kicheko, kwa sababu aliokuwa akiwapimia kahawa walikuwa wamemcheka hadharani. Shule zilipofunguliwa Januari, marehemu alikuta mwingine ameshika chaki yake. Shule nyingine za karibu zilimkwepa. Akapanga chumba mtaa wa Majengo, akaanza kuuza maharagwe.

Siku moja nilimkuta akimpimia mteja, gorogoro, lile kopo la kupimia, limejaa hadi maharagwe yanamwagika, na hayaokoti.

"Muga, mwandishi," akanisalimu kwa lugha ya huku.

"Muga, mwalimu. Hujuti kweli?"

"Nijute nini? Nyinyi watu wa gazeti mnasema hiyo kitabu ni ya huruma. Mimi nimesomesha hiyo kitabu miaka na miaka. Yule mtoto alipona juu ya vile tajiri aliota vibaya. Si ndio? Sasa niambie, na kama angelala vizuri?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, alinifungia maharagwe yangu akaita mteja mwingine.

Tulimzika kwenye shamba la kaka yake, jirani kabisa na kahawa ya mzee. Hema lilitoka kwa mzee, jeneza lilitoka kwa mzee, hata wali. Alisimama na mkongojo wake akashika kipaza sauti. "Huyu alikuwa kama msichana wangu," alisema. "Tulikosana kidogo, lakini mimi nilisamehea yeye." Leso ikatoka. Watu wakapiga makofi. Aliyeketi kando yangu ni mama wa yule binti wa kichomi, amezeeka, mikono imetulia mapajani. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama debe limebadilishwa.

"Ni ile ile tu," akasema. "Kesho tunachuma."

Tumelelewa na hadithi ya tajiri anayeamka mwema, na imetuharibu. Kila mahali penye debe la namna ile kuna watu wanaomba kimyakimya mwenye debe asipate usingizi, na huku wanaendelea kulijaza. Mzee huyu ana miaka mingi, ameua mtoto kwa magunia na mwalimu kwa kinyongo, na nyumbani kwake nasikia analala fofofo. Basi wachumaji, mwalimu wenu ameondoka, mmebaki na swali lake. Chukueni nyundo. Ligeuzeni debe, mligonge kitako mpaka kirudi bapa, mchana, mzee akiwa macho anawatazama.