Kutangaza Kifo Bila Jina la Baba

Kazi ya habari niliianzia kwenye gazeti la kurasa nne, hapa Butembo, mashariki mwa Kongo. Tulilichapa kwa mashine ya stensili ya parokia, wino ukitupaka mpaka viwikoni, na lilitoka kila baada ya wiki mbili kama karatasi ilikuwepo. Kwa kutangaza vifo halikufaa kitu. Lilipofika mikononi mwa watu, marehemu alikuwa ameshazikwa na turubai limeshakunjwa. Kwa hiyo ukurasa wa mwisho tuliujaza shukrani: familia inawashukuru wote waliokuja kulia nayo, waliochota maji, waliotoa gari. Watu walikata vipande hivyo wakavitia ndani ya Biblia. Mpaka leo ninavikuta kwenye nyumba za watu, vimekuwa na rangi ya chai, na ninaona fahari kwa sababu vingi nilivipiga taipu mimi.

Gazeti lilipokufa nilihamia redio, chumba kimoja juu ya duka la vipuri huko Kimemi, mtaa wa hapa hapa Butembo. Hapo kifo kilitangazwa siku ile ile. Saa saba mchana tulisoma matangazo, na kwenye gereji zote za chini mafundi walizima mashine zao ili wasikie. Wenye msiba walipanda ngazi na karatasi mkononi, wengine bado wanalia, na mimi niliwakalisha kwenye benchi nikawasaidia kuandika.

Ila kabla sijasoma, karatasi ilipita kwa mkuu wa studio. Huyu alikuwa mwalimu, serikali ilimleta kutoka mkoa wa mbali, akachoka na chaki akaja kwetu. Majina yetu yalimtesa. Sisi Wanande mtoto hupewa jina kwa nafasi aliyozaliwa: mwana wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na mabinti vilevile, na majina hayo ni yale yale nyumba kwa nyumba. Ukiliita jina la mwana wa pili sokoni, nusu ya soko inageuka. Ongeza jina la ubatizo, na kila parokia ina watakatifu wake inaowapenda, utapata watu wawili wenye majina mawili yanayofanana kabisa, wanakaa kilima kimoja na hakuna anayeona ajabu.

Yeye aliona ajabu. Aliishika karatasi mbali na macho akauliza maswali yake manne. Baba ni nani? Mama ni nani? Kilima gani? Kazi gani? Siku moja mfanyabiashara mkubwa, mwenye magari na maghala, alileta tangazo la mdogo wake bila jina la baba, kwa kuwa alidhani baba yake anajulikana na dunia nzima. Mkuu alimrudishia karatasi.

"Papa, unisamehe, mais mutu bila baba na mama, miye hapana kusoma."

"Batu bote banatujua!"

"Miye sibajue. Donc, andika."

Tulimcheka sana nyuma ya mgongo wake. Nilimwigiza mpaka mwenzangu wa mitambo akalala chini kwa kicheko. Nilimwona mgeni anayetuchelewesha kwa mambo ambayo sisi wenyewe tunayaelewa bila kuambiwa. Alipostaafu akarudi kwao, maswali yale tuliyaacha moja baada ya jingine, na hakuna aliyelalamika.

Sasa ninafanya kazi kwa simu. Nina ukurasa wangu na makundi matano ya WhatsApp, nina mwandishi mwenzangu kijana huko Beni, na studio yangu ni meza ya jikoni. Habari ikitokea Beni saa tatu, saa tatu na dakika kumi imeshafika Butembo, Lubero na kwa ndugu zetu walio Kampala. Nisipoiweka mimi, wataiweka wengine. Sitajifanya mtakatifu hapa: nilipenda kuwa wa kwanza. Nilipenda kuona watu wakiandika, "Kama mama journaliste hajasema, tungoje."

Asubuhi ile lori la mizigo lilipinduka kwenye barabara ya Beni. Mwenzangu alinipigia akiwa hospitali. Majeruhi kadhaa, na mtu mmoja amekufa. Alikuwa amekaa juu ya mifuko ya maharagwe. Kitambulisho chake cha kupigia kura kimepatikana mfukoni.

"Nikusomee carte yote?"

"Nipe jina na anatoka wapi. Haraka, bengine batatupita."

Akanipa jina la mwana wa pili, jina la ubatizo, na kwao: Musienene, kijiji cha upande wa Lubero. Nikaandika majina yote mawili, kwamba kijana huyo wa Musienene, mchuuzi wa maharagwe, amefariki. Neno mchuuzi hakunipa mtu. Nililitoa kichwani mwangu, maana aliyekaa juu ya maharagwe atakuwa nani tena? Nikatuma. Kabla chai yangu haijapoa, habari ilikuwa imerudi kwangu kutoka makundi ambayo simo, imetiwa mishumaa na mikono inayosali.

Saa sita simu iliita, namba siijui.

"Mama journaliste? Ni miye ule maiti mulitangaza."

Nilidhani ni mlevi. Akanieleza kwa upole, na upole wake uliniumiza kuliko kama angenitukana. Yeye ndiye mchuuzi wa maharagwe wa Musienene, mwenye majina yale. Alifika Beni tangu jana, kwa gari lingine, simu yake iliibiwa sokoni na namba zote zilizomo, na mteja wake ndiye aliyemwonyesha kifo chake kwenye kundi. Mteja huyo alikuwa amemwazima simu.

"Mama yangu hashike telefone. Mu kundi banasema iko chini, analia. Iko na tension, mama. Tafazali, umufikie."

Niliandika masahihisho mara moja. Yalipata vidole gumba vitatu. Watu waliendelea kutumiana kifo, kwa sababu kifo walikuwa nacho tayari na masahihisho yalihitaji kusomwa. Nilimpigia mtu mmoja wa Musienene ninayemjua. Akaniambia wanaume wameshawasha moto wa msiba, na mama wa kijana ameanguka mara mbili. Nilimwambia kijana ni mzima, akasema bila kuisikia sauti yake mwenyewe hakuna atakayeamini. Ni mama mwenye shinikizo la damu, nami nilikuwa ninamuua kwa kidole changu. Nilitoka mbio nikapanda pikipiki, na njia nzima nilimpigia dereva kelele kana kwamba kosa ni lake.

Nilifika saa tisa. Turubai lilikuwa limefungwa, wanaume wamekaa kwenye mabenchi kuzunguka moto, wanawake wanamenya viazi. Aliyenipokea alikuwa jirani wa nyumba ya chini, mwanamke mnene mwenye masizi mpaka kwenye kope. Ndiye aliyekuwa akisimamia vyungu tangu mchana. Aliniletea kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni wa upande wa baba au wa mama.

"Miye ni wa radio," nilimwambia. Watu bado wananiita hivyo. "Unipeleke kwa mama ya mutoto. Iko muzima, mutoto yake."

Alinitazama, akatupa mwiko, akanishika mkono akanivuta katikati ya wanawake waliokaa kwenye mkeka. Nikapiga namba ile ya mteja wa Beni nikaweka simu sikioni mwa yule mama, na sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba sote tulisikia.

"Mama, ni miye."

Mama aliibana simu sikioni, akainama mbele. Tulidhani anaanguka tena.

"Ulikula?" akauliza.

"Nilikula, mama."

Basi hapo ua mzima ulilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakainuka kutoka motoni wakikumbatiana, mzee mmoja, mjomba wa mchuuzi, akanyanyua benchi juu ya kichwa akaanza kucheza nalo. Yule jirani wa vyungu alicheza kuliko wote, akizunguka na khanga mkononi, akija kwangu kila baada ya mzunguko kunibana mabega. Nilitarajia matusi, na nilistahili matusi. Badala yake mama wa mchuuzi aliniombea baraka kwa Kinande, mkono wake juu ya kichwa changu, na mimi nikalia kama mtoto mdogo. Nilifurahi sana. Ninakiri kwamba nilifurahi mpaka nikasahau kufikiri.

Simu yangu iliita. Mwenzangu wa Beni.

"Mama, nimeona ulisahihisha. C'est bien. Mais huyu mwenye kulala hapa morgue, sasa ni nani?"

Nilitembea mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako kelele zilipungua.

"Unasoma carte?"

"Iko hapa mu mukono."

"Soma yote. Baba. Mama. Kilima."

Akasoma polepole, nami nikaandika nyuma ya karatasi ya dawa niliyoipata mkobani. Majina yote mawili ya kijana yalikuwa yale niliyotangaza. Musienene ni kweli Musienene. Mwenzangu akaongeza kwamba dereva wa lori amezinduka: marehemu si mchuuzi, ni kijana wa kupakia na kupakua mizigo wa lori lile, anakaa Kimemi, na jana hakuna aliyejua kwamba watasafiri. Huko kwao wangemdhania yuko Butembo.

Nilirudi uani nikamwendea yule mjomba wa mchuuzi, ambaye alikuwa ameketi tena akifuta jasho. Nikamwonyesha karatasi. Alisoma jina la baba, akaitikia kwa kichwa kwamba anamjua, huyo alikufa zamani. Akasoma jina la mama. Kidole chake kikabaki pale pale juu ya karatasi, kisha akainua macho akatazama upande wa vyungu.

Alikuwa ameinama, yule jirani, akikoroga maharagwe, akiwaambia wenzake kwa sauti ya utani kwamba chakula cha kilio sasa ni cha sikukuu na asiwepo wa kuondoka na njaa. Asubuhi alikuwa amesoma habari yangu kama wengine. Aliliona jina la mwanawe pale, na bila shaka moyo ulimruka. Halafu akaona neno mchuuzi, akashukuru Mungu, akafunga khanga akaja kumpikia mwenzake.

"Nani atamwambia?" nilimwuliza mjomba.

Aliikunja karatasi akanirudishia.

Nilikuwa bado nimesimama hapo alipokuja mwenyewe, akipita kati ya watu, na sahani mikononi. Alikuwa ameijaza mpaka ukingoni, na juu ya maharagwe aliweka kipande kizuri cha nyama.

"Kula, mama journaliste. Umetuletea habari muzuri."

Nilipokea sahani kwa mikono miwili, nikaiweka chini, nikavuta kiti changu nikamwomba akae.